Baiskeli Iliyofungwa Miguu

Nakiru alitoka nje amevaa kofia yake ngumu, chupa ya maji mkononi, akanyoosha mkono kuichukua baiskeli pale ukutani inapolala siku zote. Ikagoma. Akaivuta. Ikagoma tena. Akainama kutazama kuna nini, na lo! baiskeli ilikuwa imefungwa miguu.

Haikufungwa kwa kufuli wala mnyororo. Ilifungwa kwa kamba ya ngozi, ile wanayomfungia ngamia miguu ya mbele jioni asije akatokomea porini. Gurudumu la mbele lilikazwa kwenye fremu, la nyuma vivyo hivyo, na juu ya kila fundo kulikuwa na fundo lingine. Yalikuwa mafundo ya wafugaji wa Kaaleng, kijijini kwao, ambayo mtu wa mjini anaweza kuhangaika nayo mpaka adhuhuri asiambulie kitu ila kucha zilizokatika.

"Mama?" aliita taratibu.

"Imelala," sauti ya mama yake ikajibu kutoka uani, ndani ya chandarua. "Iache ilale."

"Mama, umeifunga baiskeli yangu?"

"Kitu kinachotoroka na mwanangu kila alfajiri, ulitaka nikifanyeje? Nikiimbie?"

Mlango wa nyumba ya pili ukafunguka, akatoka Mugure, jirani mwenye duka la vitenge, mswaki mdomoni. Aliiona baiskeli. Akautoa mswaki.

"Woi! Nakiru, hiyo baiskeli imeshikwa imeiba nini?" Akacheka mpaka akaegemea ukuta.

Nakiru hakucheka. Na wewe usingecheka, kama ungejua asubuhi ile ilikuwa na uzito gani kwake. Huu ulikuwa mwezi wa tano. Miezi mitano, kila siku ya Mungu, saa kumi na mbili kasorobo, Nakiru alikuwa juu ya baiskeli: kutoka nyumbani Nakwamekwi mpaka daraja la Turkwel, avuke, aende mpaka jua limpige usoni, ageuze. Aliendesha siku ya vumbi lililofunika mji wote wa Lodwar watu wakawasha taa mchana. Aliendesha wiki ile bosi wake pale kliniki, anakotunza rekodi za wagonjwa, alipomrundikia kazi za watu watatu na kumfokea mbele ya wageni. Wiki za kwanza ndizo zilikuwa aibu tupu. Alikuwa na kilo mia moja na nane, na kila akishuka kuisukuma baiskeli pale penye mwinuko, wazee waliokuwa wakienda kununua mbuzi walimuuliza kwa huruma kama chombo kimeharibika. Leo alikuwa na kilo tisini na moja, na penye ule mwinuko hakuwa akishuka tena.

Hakufanya hivyo kwa urembo. Siku moja mwanzoni mwa mwaka alikuwa amebeba mafaili, sakafu ikainuka, akajikuta chini amezungukwa na manesi. Presha, wakamwambia. Imepanda vibaya, na umri wako ni miaka thelathini na tatu tu, dada. Daktari alimwandikia dawa, kisha akamwambia dawa peke yake haitoshi, mwili lazima ufanye kazi.

Hayo yote mama yake hakuyajua. Nakiru alikuwa amemwambia anafanya mazoezi, basi. Alijua kwa nini hakusema zaidi.

Simu ikalia mfukoni. Moyo ukamruka, kama ulivyomruka kila asubuhi kwa miezi mitano.

"Ejok, cheri," ilikuwa sauti ya Hilaire, akisalimia kwa neno lake moja la Kiturkana, anahema, na nyuma yake ule mlio wa mnyororo, *krr krr krr*. "Weye umefika wapi? Miye nimeshavuka mto Tarach, niko naelekea Kalobeyei."

Hapo ndipo penyewe, msomaji. Nakiru yuko Lodwar, Hilaire yuko Kakuma, na katikati yao kuna kilomita mia moja na ishirini za lami na joto. Lakini kila siku saa kumi na mbili kasorobo walipanda baiskeli pamoja, kila mtu kwake, simu masikioni. Alipochoka yeye, Hilaire alimhesabia. Alipotaka kugeuza mapema, aliusikia ule mnyororo wa Hilaire hausimami, akaona haya, akaendelea.

"Sijatoka," Nakiru alisema. "Mama ameifunga baiskeli."

"Ameifunga na nini?"

"Na kamba ya ngamia."

Mlio wa mnyororo ukakatika. Kisha Hilaire akacheka, kicheko kile cha tumboni ambacho Nakiru alikipenda kabla hajampenda mwenye nacho.

"Usicheke! Leo ndiyo nitaruka siku ya kwanza."

"Usikate ile kamba, Nakiru. Unanisikia? Ile kamba ni ya mama. Kibali changu cha kutoka kambini nimeshapata, cha siku mbili. Saa sita niko pale. Nitaongea naye miye mwenyewe."

"Hilaire, hakutaki."

"Hajaniona."

"Ndiyo maana nasema hajakuona na tayari hakutaki."

"Basi akiniona hali haiwezi kuwa mbaya zaidi," alisema Hilaire, akakata simu.

Nakiru alibaki amesimama, simu mkononi, tabasamu limemponyoka bila ruhusa. Mtu huyu alimwokota barabarani Kakuma, na nasema alimwokota kweli. Kliniki ilikuwa imempeleka huko mwaka jana kwa miezi mitatu, akanunua baiskeli kuukuu, na siku ya pili ikamwangusha mbele ya kibanda cha fundi mmoja Mkongomani, mrefu, mikono imejaa grisi. Watu walicheka. Fundi hakucheka. Aliinua baiskeli, akaikagua, akasema, "Kiti kiko chini sana na spoki zimelegea. Kwetu Uvira baiskeli kama hii inabeba magunia matatu ya makaa. Weye mama hata gunia moja haujafika." Tangu siku hiyo Nakiru alikuwa na safari nyingi za kwenda kurekebisha baiskeli isiyokuwa na tatizo lolote.

Mama yake, Mama Akidor kama walivyomwita, alikuwa ametoka Kaaleng siku mbili zilizopita, juu ya lori la mbuzi, na mzigo wa nyama kavu na maziwa ya mgando. Alikuja kwa sababu moja. Nakiru alimwambia kwa simu kuna mtu anataka kumposa, na tangu mzee Namuar, baba yake Nakiru, afariki, hakuna mtu wa ukoo aliyethubutu kufungua mdomo kabla Akidor hajafungua wake. Akimkubali mtu, baba mdogo Ekuru angeitwa kutoka Lokichar, akae na mwanamume huyo, mambo yaanze. Akimkataa, yameisha. Nakiru angeweza kubishana na bosi, na daktari, na hata na mchungaji. Kuolewa bila mama yake hakuweza, na wala hakutaka.

Waliketi kunywa chai, jua limeshaanza kuuma ingawa ilikuwa bado saa moja unusu. Mama yake alimkazia macho mifupa ya mabega, akamwambia kwa Kiturkana:

"Kula."

"Nimekula, mama."

"Umeonja. Nilikuzaa mtoto mwenye mashavu. Nilipokuacha hapa, ukitembea watu walisema, yule ni binti wa Namuar, kwao kuna maziwa. Juzi nashuka kwenye lori, naona mtu ananijia na shingo kama ya korongo. Nikajiuliza, huyu anaumwa na nini? Kumbe haumwi. Kuna mwanamume wa Kakuma amempa chombo cha kumyeyusha."

"Hakunipa. Nilinunua mwenyewe."

"Na kila asubuhi anakupigia simu kukukimbiza. Nimesikia jana kwa masikio yangu. 'Kaza, kaza!'" Mama Akidor aligeuza kikombe mkononi. "Mimi si mjinga, Nakiru. Mwanamke mwenye mwili, wazee huketi chini ya kivuli siku tatu wakizungumzia mahari yake. Mwanamke mkavu anatolewa asubuhi, mchana watu wameshatawanyika. Huyo mtu anajua anachofanya."

"Mama! Hilaire hawazi mambo kama hayo!"

"Basi anawaza nini? Mwanamume gani anamtaka mwanamke akonde?" Sauti ya mama ilipanda, kisha ikashuka ghafla, ikawa ndogo. "Ule mwaka wa ukame nilimzika dada yangu. Nilimbeba mwenyewe, mikono miwili, hakuwa na uzito wa mwana-mbuzi. Nakuangalia wewe shingo hiyo, namwona yeye. Siku unayoniambia hicho chuma umekiacha, nitamsikiliza huyo mtu wako. Ukipanda tena, nafunga mzigo wangu narudi Kaaleng, na Ekuru hatapigiwa simu."

Nakiru alitaka kusema. Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Akayameza na chai.

Saa sita na nusu, joto limekaa juu ya mabati na hakuna hata kuku aliyekuwa akitembea, gari lilisimama barabarani. Nakiru alikuwa amevaa gauni la buluu, amejipaka mafuta, amejiambia atatembea polepole mpaka getini. Alikimbia. Miezi miwili hakumwona! Na yule pale, Hilaire wake, shati jeupe limepigwa pasi, anashuka. Anashuka vibaya. Mguu wa kulia ulitangulia, ukafuata mkongojo, kisha mguu wa kushoto ukaja nyuma kwa kusitasita.

"Hilaire? Mguu una nini?"

"Ni kidogo tu, cheri. Ejok?"

"Usiniletee ejok. Pandisha suruali."

"Hapa barabarani?"

"Pandisha!"

Akapandisha. Nakiru hakuwa nesi, lakini miaka tisa ya kukaa kliniki inamfundisha mtu kuona. Ule mguu ulikuwa mwembamba kuliko mwenzake, ngozi imepauka na inabambuka.

"Hii ni plasta imetolewa juzi," alisema polepole. "Hii ni wiki sita."

"Wiki tano na siku tatu," alisema Hilaire, ambaye alikuwa na tabia ya kusema ukweli mahali usipohitajika. "Pikipiki ilinigonga pale karibu na soko. Kifundo kikavunjika."

"Wiki tano. Na leo asubuhi ulikuwa unaelekea Kalobeyei kwa mguu gani?"

Hilaire alitazama chini. Mugure alikuwa ametoka dukani na mkanda wa kupimia mikononi, amesahau anakwenda kupima nini. Mama Akidor alikuwa amesimama kwenye kivuli cha mlango, ushanga wake umemfunika shingo yote mpaka kidevuni.

"Nilipindua baiskeli," Hilaire alianza. "Nikaiweka chini kwa kiti na usukani, magurudumu juu. Nikakaa kwenye kigoda. Nikazungusha pedali kwa mukono. Ndiyo ile sauti uliyokuwa unasikia."

"Na kuhema kule?"

"Kuzungusha kwa mukono nusu saa kunachosha, Nakiru. Jaribu siku moja."

Mugure aliangua kicheko, akajiziba mdomo kwa mkanda wa kupimia. Lakini Nakiru alihisi uso unawaka, na machozi yakamjia, machozi ya hasira kabisa.

"Umenidanganya! Kila siku! Siku ile ya vumbi nilishageuza baiskeli nirudi nyumbani, nikasikia mnyororo wako, nikasema, Hilaire anapanda, mimi ni nani nirudi? Kumbe umekaa kwenye kigoda! Nilikuwa najiona sijui kitu gani, naendesha na mpenzi wangu, kumbe niko peke yangu barabarani kama mwendawazimu! Mguu umevunjika, na mimi nakueleza habari za bosi wangu! Kwa nini hukuniambia? Mimi ni nani kwako, mpita njia?"

"Weye ni kila kitu kwangu."

"Basi mtu anamfichaje mtu ambaye ni kila kitu kwake?"

"Nilikuwa naogopa!" Hilaire naye akapandisha sauti, jambo ambalo Nakiru hakuwahi kulisikia. "Ile asubuhi pikipiki inanigonga, ndiyo ile ile asubuhi uliniambia daktari amesema presha inashuka. Ulikuwa unalia na furaha kwa simu. Ningekwambia nini? Ungekuja mbio Kakuma, ungeacha kulala, ungeacha baiskeli, ile presha ingepanda tena mpaka ikuue kama..."

"Presha ya nani?"

Aliuliza Mama Akidor, kwa Kiswahili. Wote wakageuka. Hilaire alimtazama Nakiru, akamtazama mama, kisha nikwambie, mtu mweusi yule alibadilika rangi.

"Haujamwambia?" alinong'ona.

Nakiru aliinamisha uso. Mama yake alitoka kwenye kivuli, akaja mpaka mbele yake, juani, akamshika kidevu kama mtoto wa miaka sita. Akahamia Kiturkana.

"Presha ya nani, Nakiru?"

"Yangu, mama."

"Tangu lini?"

"Mwanzo wa mwaka. Nilianguka kazini." Sasa hapakuwa na pa kukimbilia, na maneno yalipoanza yalitoka yote. "Mama, unasema watu wanakufa wakikonda. Baba hakuwa amekonda. Baba alikuwa na mwili, na alianguka kisimani Kaaleng mkono umekufa, mdomo umekwenda upande. Wewe ulisema ni jicho la watu. Nilimweleza daktari jinsi alivyoanguka. Akaniambia inaweza kuwa ni hii hii. Hii niliyo nayo mimi. Nilishindwa kukuambia. Ulikuwa ndiyo kwanza umemzika, ningekujaje nikuambie kwamba nami ninayo?"

Mama Akidor alimwachia kidevu. Alisimama pale jua linampiga utosini, midomo inacheza bila sauti. Mugure, ambaye hakujua neno la Kiturkana, alielewa kila kitu akarudi dukani taratibu bila kuagwa.

"Kwa hiyo hiki chuma," mama alisema hatimaye.

"Kinaishusha. Hicho na dawa."

Mama Akidor hakutosheka na jibu la binti yake. Alimgeukia Hilaire, akamtafutia Kiswahili chake cha kuvunjika.

"Wewe. Nasema kweli?"

"Kweli, mama."

"Hiyo kitu nashuka?"

"Inashuka, mama. Ilikuwa mia na sabini na kitu. Mwezi jana mia na thelathini na nane. Miye naandika kila mwezi kwa ukuta wa kibanda changu." Alimeza mate. "Mama, minaomba unisikilize. Miye nilimupenda Nakiru vile vile alivyokuwa, hata angekuwa mara mbili. Sitaki akonde. Nataka azeeke. Nataka siku moja nimuone amekuwa bibi, ananigombeza."

"Yeye nagombeza wewe sasa hivi."

"Ndiyo, mama. Nimeanza kufurahi mapema."

Mdomo wa Mama Akidor ulitaka kucheka, akaukataza. Badala yake alimgeukia Nakiru, na hapo alikuwa mama kweli kweli, mkono kiunoni.

"Na wewe nimekusikia unamfokea mtu wa watu kwenye jua. Kosa lake nini? Ameficha mguu uliovunjika ili usiugue. Wewe umeficha nini, ili nani asiugue? Yeye amekuficha wiki tano. Mimi umenificha tangu lini?"

Nakiru alimtazama Hilaire na ule mkongojo wake, shati jeupe limeanza kulowa mgongoni, akamwona kwa mara ya kwanza kila alfajiri yuko kwenye kigoda chake, mguu umefungwa plasta, anageuza pedali kwa mkono gizani kwa ajili ya mtu aliye mbali. Hasira ikamwishia yote.

"Nisamehe, mama," alisema. Kisha, kwa Kiswahili, "Na wewe nisamehe. Lakini ukirudia kunificha kitu, Hilaire, nitakuvunja na huo wa pili."

"Nimekubali," alisema Hilaire haraka.

Mama Akidor alikwenda ukutani, akachuchumaa mbele ya baiskeli. Vidole vyake vilipita kwenye yale mafundo hapa na pale, na kabla Nakiru hajahesabu kumi, kamba ilikuwa imelala chini. Alifuta macho yake kwa mgongo wa mkono akidhani hakuna anayemwona.

"Nenda basi."

"Sasa hivi? Mama, saa saba hii, jua litaniua kabla ya presha."

"Jua likishuka. Na kabla ya hapo utakula nyama niliyokuja nayo. Wewe pia, mwenye mguu. Ingia ndani, mgeni hazungumzwi barabarani."

Saa kumi na moja na robo jioni Nakiru alitoka. Joto lilikuwa bado linapanda kutoka kwenye lami, upepo wa jangwani unampiga mchanga magotini, na hakuwa na sauti yoyote sikioni. Mwanzoni alihisi upweke. Alipofika penye mwinuko alijikuta akisikiliza, kwa mazoea, akingoja mtu amhesabie. Hakuna aliyehesabu. Akasimama kwenye pedali, akasukuma kulia, kushoto, kulia, pumzi inakwaruza, jasho linaingia machoni, na mara akawa juu, mto Turkwel na mikoche yake uko chini yake, na upepo unakuja kifuani wa baridi kidogo. Alicheka peke yake kwa sauti. Alikuwa na furaha, furaha ya wazi isiyohitaji maelezo, na alijua kwamba wiki zote hizi tano miguu iliyopanda pale ilikuwa yake.

Aliporudi, uani palikuwa na kivuli kizuri. Mama yake alikuwa ameketi kwenye mkeka, Hilaire kwenye kiti cha plastiki mbali kidogo kwa heshima, mguu umewekwa juu ya debe.

"Mama yako iko wapi?" mama alikuwa akiuliza.

"Alibaki Uvira, mama. Tunapigiana simu kila Jumapili."

"Nakula?"

"Anakula. Anasema batoto ba dada yangu ndio wanammaliza chakula."

"Mzuri." Mama Akidor alimwona binti yake akiegemeza baiskeli, akamkagua kutoka utosini mpaka miguuni, jasho na vumbi na mashavu yanayong'aa kwa joto. Nakiru alihisi moyo unampiga kuliko ulivyompiga pale mlimani.

"Kaa hapa," mama alisema kwa Kiturkana. "Nimewaza habari ya watu wa Kaaleng. Wale watakuona na hayo mabega, watasema Akidor ametoa mtoto mwenye njaa. Siwezi kumpitia kila mmoja nyumbani kwake nimweleze mambo ya daktari."

"Mama..."

"Sijamaliza. Kwa hiyo siku ya harusi yako hutakuja kwa gari. Magari wote wanakuja nayo. Wewe gari litakuacha kwenye bonde, na kile kilima cha kuingilia nyumbani utakipanda na hicho chuma, watu wote wamesimama, wazee na wanawake. Mwenye njaa hawezi kupanda kile kilima. Mbuzi wenyewe wanapumzika katikati. Nataka waone binti wa Namuar ana nguvu gani. Halafu nimsikie mmoja wao anasema neno."

Nakiru alimshika mama yake mkono, akaulaza shavuni.

Hilaire, ambaye hakuelewa hata neno moja, alikuwa akiwatazama kwa zamu, amekaza mkongojo kama mtu anayesubiri hukumu. Nakiru akamtafsiria. Alitafsiri mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti ilikatika.

"Na miye, mama?" Hilaire aliuliza, uso wote umefunguka. "Nitapanda na nini ile siku?"

Mama Akidor aliuangalia ule mguu mwembamba juu ya debe, akatikisa kichwa.

"Wewe kaa nyuma," alisema. "Yeye tabeba wewe." Kisha akamgeukia binti yake. "Hebu nipigie Ekuru simu, kabla sijabadilisha mawazo."

Nakiru alitafuta namba ya baba yake mdogo, vidole vinateleza kwa jasho na furaha, akaibonyeza, akaiweka simu sikioni mwa mama yake.